Saizi ya picha R Markdown: HTML sio PDF, na Word ni mambo mengine
Kwa wanaotumia R Markdown (faili la ripoti lenye maandishi na kodi ya R) kutoa ripoti moja kwa HTML, PDF na Word, msichanganye fig.width na out.width. Ya kwanza ni inchi za picha yenyewe wakati inachorwa, ya pili ni ukubwa inaoonekana nao kwenye ukurasa, ndo maana ukipandisha fig.width hadi 12 afu out.width ukaiacha pale pale, maandishi ya grafu yanakua madogo mpaka hayasomeki. Ukiandika out.width="300px" HTML inakubali fresh, ukiweka "\\linewidth" hiyo ni lugha ya LaTeX (inayotumika kutengeneza PDF), HTML haiijui kabisa. Andika asilimia, "70%", knitr (package ya R inayoendesha kodi ya ripoti) yenyewe inaigeuza kuwa 0.7\linewidth ikitoa PDF. Word ndo mkaidi, fig.align (ya kupanga picha kushoto, kati au kulia) haiisikilizi, picha utaziweka katikati kwa mkono. Halafu usipoandika saizi popote kila fomati ina yake: HTML inchi 7 kwa 5 (upana kwa urefu), PDF 6.5 kwa 4.5, Word 5 kwa 4, so usishangae grafu ile ile kubanana kwenye Word. Mi saizi naziandika juu kabisa kwenye opts_chunk$set (mipangilio ya vipande vyote vya kodi), na palipo na ulazima wa kutofautisha natumia knitr::is_latex_output() (inajibu kama ripoti inatoka kwa LaTeX) ndani ya if.