Mwalimu ana chakula tumboni: namna ya kufumbua chemshabongo ya mafumbo

Mjomba wangu alikuwa karani bandarini Kilindini, na kila Jumamosi alivuka feri kurudi Likoni na gazeti la Kiingereza lililokwisha somwa na watu watatu. Habari hakuzigusa. Alilikunja mara nne mpaka kikabaki kile kiwanja cha miraba myeusi na myeupe, akachomoa penseli sikioni, na kuanzia hapo hata umwambie jiko linaungua atakuuliza, "Herufi ngapi?"

Mimi nilidhani anajaza chemshabongo ya kawaida, ile ya "mji mkuu wa Uganda, herufi saba". Kumbe ile yake ilikuwa ya mafumbo. Chemshabongo ya kawaida ilianza Marekani, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Waingereza walipoipokea wakaona ni rahisi mno, wakaitia hila. Mwaka 1926 mtunzi aliyejiita Torquemada alianza kuwatoa watu jasho katika gazeti la Observer. Majina ya watunzi hawa yenyewe ni vitisho: Torquemada na Ximenes walikuwa wakuu wa mahakama za kidini za Hispania, na mwingine akajiita Afrit, ndiye afriti yule yule tuliyetishwa naye utotoni. Huyo Afrit ndiye aliyeweka sharti ambalo mjomba alilishika kama amana: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, ila lazima aseme anachomaanisha. Akupoteze atakavyo, lakini maneno yenyewe yasiwe ya uongo.

Kiingereza chake sikukiweza, kwa hiyo alinitungia vidokezo vya Kiswahili nyuma ya bahasha, na kwenye mabano aliandika idadi ya herufi za jibu. Cha kwanza nakikumbuka mpaka leo:

Mwalimu ana chakula tumboni (4)

Nilianza kuwaza walimu wangu na vitumbo vyao. Hapo ndipo unapotegwa. Ukishasoma kidokezo kama sentensi umekwisha. Usimwone mwalimu, ona neno *mwalimu*: herufi m, w, a, l, i, m, u. Tumboni mwake, yaani katikati, mna WALI. Na wali ni chakula.

Sasa shika hili, maana mengine yote yanaliegemea. Kidokezo kina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, kama ungeikuta kwenye kamusi, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni, mara chache sana katikati. Nyingine ni mtambo wa kulijenga jibu hilo hilo kwa herufi. Kazi yako ni kuukata uzi panapostahili. Hapo juu mjomba alinionea huruma akaiweka maana katikati; gazetini usitarajie. Mfano wa haki ni huu: "Ndani hapa pana samaki (4)". Maana iko mwishoni, *samaki*. Neno *ndani* linakuagiza utazame ndani ya "hapa pana", ukivuka ile nafasi kati ya maneno: haPA PAna. Papa.

Kila hila ina neno lake la kuitangaza. Ukiona kuvurugika, kulewa, kutapanywa, kupigwa, fahamu herufi zinachanganywa upya. "Rafiki akivurugika huwa maskini (6)": zichukue r, a, f, i, k, i, zipange upya, unapata FAKIRI. Mimi huziandika kwa duara, si kwa mstari, kwa sababu mstari unaling'ang'ania neno la zamani. Kiswahili kimebarikiwa kwa hili. Habari ikivurugwa inakuwa bahari, na "Samaki wametapanywa, msimu wa mvua (6)" ni MASIKA. Siku niliyogundua hilo la samaki na masika nilikuwa kwenye foleni ya feri, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja mwenye kapu akasogea pembeni.

Kuna vidokezo visivyo na mtambo kabisa, ni maana mbili tu zimebandikwa pamoja. "Mnyama juu ya nyumba (3)" ni PAA: paa wa porini, na paa la makuti. Kuna vya kuunganisha vipande: "Manyoya ya kondoo na unafiki, chombo cha jikoni (7)" ni sufu na ria, SUFURIA. Mtambo sahihi, lakini sentensi yenyewe haina ladha, na mjomba alikuwa akikitupa kidokezo ambacho hakisomeki kama maneno ya mtu mzima. Vya kusikia, yaani neno linalotamkwa kama jingine lakini likaandikwa tofauti, ambavyo Waingereza wanavipenda, sisi tuvisahau. Kwetu neno huandikwa linavyotamkwa, masikio hayana pa kudanganyika.

Cha kurudi nyuma ni kigumu kwetu kwa sababu nyingine: maneno yetu karibu yote huisha kwa irabu, basi ukiligeuza neno herufi kwa herufi lazima lianze kwa irabu. Machache yanakubali. "Ushirika wa biashara ukirudi nyuma ni fedheha (4)": ubia, soma kutoka mkiani, AIBU. Lakini sisi wa pwani tuna mchezo wetu wa kugeuza, kinyume, ule wa watoto wa kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza ili wakubwa wasielewe. Chakula kinakuwa lachaku. Mjomba aliutumia bila kuniambia:

Kinyume cha utajiri, shika jembe (4)

Nilijiona nimefika. Kinyume cha utajiri, herufi nne, si NJAA? Nikaiandika kwa kalamu ya wino, nikampelekea. Hakusema neno. Aliniachia mpaka MASIKA iliposhuka kutoka mraba wa tatu na kukuta A yangu imekaa mahali pa M. Ndipo akauliza, "Na hilo jembe, mwanangu, umelipeleka wapi?" Jembe sikuwa nimeligusa. Utajiri ni *mali*. Ipigie kinyume, ma-li, inakuwa LIMA, na kulima ndiko kushika jembe.

Tangu siku hiyo natumia penseli, na tangu siku hiyo jibu lisilo na maelezo halihesabiwi kwetu. Hata sasa kwenye kundi la WhatsApp la mabinamu, ukituma neno tupu unajibiwa, "Jembe liko wapi?" Maelezo yanaandikwa hivi, na nakichukua kidokezo kizima nikifungue mbele yako:

Mchumba asiye na kichwa apewa pa kulala (6)

Kwanza pigia mstari maana: *pa kulala*. Kisha taja malighafi: *mchumba*, limo wazi, halihitaji kutafsiriwa. Kisha hila: *asiye na kichwa*, ondoa herufi ya kwanza. M ikiondoka inabaki CHUMBA. Halafu hesabu masalio. Limebaki *apewa*, nalo ni daraja tu: mchumba aliyekatwa kichwa anapata jibu. Daraja moja fupi linaruhusiwa. Likibaki neno zito kama jembe, jibu lako ni la kubahatisha hata kama herufi zinaingia zote.

Ukikwama, acha mwanzo wa kidokezo, jaribu maana ya mwishoni. Ukikwama tena, ruka, jaza vinavyokatiza, urudi ukiwa na herufi mbili tatu mkononi. Na usianze na kile kirefu cha juu kushoto kwa sababu tu ni cha kwanza. Mimi huanza kwa kuwinda maneno ya kuvuruga, hayo hayajifichi.

Hiki alikitunga kwa mwandiko wa kutetemeka, mwaka wake wa mwisho. Sikupi jibu:

Lamu kwa wenyewe ikipinduka, chombo cha kulia (3)

Ukilipata, lilete na maelezo yake.