Somo: Tafuta mada ya tasnifu ya uzamili wa uandishi wa habari kabla hujajaza fomu

Wakuu, habari zenu. Dirisha la udahili likikaribia naulizwa sana kuhusu GPA. Kima cha chini cha uzamili kwa mujibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni 2.7, na wengi wenu mnacho. Panapokwamisha watu ni kwenye tasnifu. Mtu anamaliza masomo ya darasani na gredi nzuri, halafu miaka inapita anatafuta mada. Nimeona wenzangu wakiachia njiani na iliniuma, ndiyo maana naandika hili. Iwe unalenga SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au chuo kingine cha umma, nenda na mada mkononi.

Hatua ya 1: Anza na tukio.
Mada yangu ya kwanza ilikuwa "Mchango wa vyombo vya habari katika maendeleo ya kilimo Tanzania". Msimamizi aliniuliza: Vyombo vipi? Mwaka gani? Kesho asubuhi utaanza kusoma nini? Sikuwa na jibu.

Chukua korosho za 2018. Wanunuzi waligomewa kwa bei ndogo, mawaziri wawili wakaondolewa, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akaagiza jeshi likasombe korosho, serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa uliza: katika habari za sakata lile, nani alipewa nafasi ya kusema? Waziri, mkuu wa mkoa, mfanyabiashara, au mkulima wa Newala? Linganisha HabariLeo, gazeti la serikali, na Mwananchi, gazeti binafsi, kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019. Hizo ni siku 123. Mtu mmoja anazimaliza.

Hatua ya 2: Hakikisha magazeti yapo.
Nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, au kitengo cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Fungua majalada, andika nakala zinazokosekana. Ukikuta wiki nzima haipo, ni heri ujue leo.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la kuainishia.
Hapa ndipo tasnifu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo usikimbie. Kila habari ipewe mstari wake: tarehe, gazeti, ukurasa, mwandishi, kila aliyenukuliwa, cheo chake, jinsia yake, na kama maneno yake yamenukuliwa moja kwa moja au yamesimuliwa. Kila kisanduku kiwe na maelezo yaliyoandikwa. "Mkulima" ni nani? Mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika ambaye ana shamba lake, unamweka kwa wakulima au kwa viongozi? Amua kabla ya kuanza, andika, usibadilishe katikati. Nilibadilisha katikati, ikanibidi nirudie habari zote tangu ya kwanza.

Jinsia usiiache. Utafiti wa GMMP (Global Media Monitoring Project), unaofuatilia habari duniani kila baada ya miaka mitano, ulikuta wanawake ni 17% ya wanaosemwa na wanaosema kwenye habari mwaka 1995, na 25% mwaka 2020. Korosho hubanguliwa kwa mikono ya akina mama. Hesabu wangapi walisikika.

Hatua ya 4: Mpe mtu wa pili asilimia 10 ya habari aainishe bila kuona majibu yako, kisha pima mnavyokubaliana kwa alfa ya Krippendorff, kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa. 0.80 kwenda juu ni salama. Chini ya 0.667, rudi kwenye maelezo ya visanduku.

Hatua ya 5: Ukitaka kuhoji wakulima au wahariri, omba barua ya kibali cha utafiti chuoni mapema. Utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, hadi kwa mtendaji wa kata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, niliambiwa nitumie wiki ya kuunda, yaani kuchagua kwa bahati Jumatatu moja kati ya zote, Jumanne moja, hivyo hivyo hadi Jumapili. Wewe unasema siku zote 123?

Jibu: Wiki ya kuunda inafaa kwa habari za kawaida za mwaka mzima, wiki mbili za namna hiyo zinatosha kuwakilisha gazeti la kila siku. Kwa tukio haifai. Agizo la jeshi lilitolewa Jumatatu. Kura ikiruka magazeti ya Jumanne tarehe 13, umekosa kiini cha tasnifu yako.

Kaka, mimi niko Nairobi. Utaratibu wa kibali ni huo huo?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Kwenu kibali kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya Kenya, unaomba mtandaoni ukiwa na barua ya chuo.

Nafanya kazi redioni, shahada yangu ni ya ualimu. Tasnifu yangu inaweza kuwa ya redio?

Jibu: Inaweza dada, ila uliza kwanza kama kituo kinahifadhi matangazo yake. Vituo vingi vidogo hufuta. Kama chako kinafuta, anza kurekodi taarifa ya habari ya jioni kuanzia leo, uandike tarehe kwenye kila faili.