Maharage mafupi bustanini pwani ya Kusini: yachanue kipupwe

Ukisia maharage Mtwara mjini au Lindi mwezi Desemba, sambamba na mahindi, yataota, yatajaza majani, kisha maua yatapukutika. Usikimbilie mbolea. Joto likizidi nyuzi 30 na usiku usipopoa, ua halishiki. Kwa hiyo pwani sia nusu ya kwanza ya Mei; maua hutoka baada ya siku 35 hadi 40, katikati ya ubaridi wa Juni. Mvua zitakuwa zimekatika, basi uwe na maji ya uhakika. Huwezi kumwagilia? Panda kunde, joto halizisumbui.

Tafuta mbegu isiyotambaa, kama Lyamungu 90 au Jesca. Usiinue tuta, mchanga wetu hukauka upesi. Chimba jaruba la mita 1 kwa 5, lididimie sentimita 10, uchanganye madebe mawili ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huleta majani mengi na maganda machache. Jua liwe la kutosha. Chini ya mkorosho usijisumbue.

Piga mistari miwili ya umbali wa sentimita 50, mbegu moja kila sentimita 10, kina sentimita 4. Zitaingia 100 hivi. Usiziloweke usiku kucha, hupasuka. Mwagilia ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku moja, asubuhi, shinani. Maua yakianza, usiruke zamu hata moja. Tandaza nyasi kavu.

Mche wa wiki mbili ukiwa wa njano na shina limevimba na kupasuka karibu na ardhi, ni funza wa inzi wa maharage. Uliokufa ng'oa uchome. Ulio hai upandishie udongo shinani, utoe mizizi mipya juu ya jeraha. Vidukari wapulizie maji ya sabuni jioni. Majani yakiwa na umande usipalilie, utasambaza ugonjwa wa kutu.

Maganda mabichi huanza siku ya 50 hadi 60. Chuma kila baada ya siku mbili, mmea uendelee kuzaa.

Ukimaliza, ng'oa shina moja ukague mizizi. Vinundu vinavyobanduka kwa kidole, vyekundu ndani, ni vya kurutubisha udongo. Mzizi wenyewe ukiwa umevimba na uvimbe haubanduki, hiyo ni minyoo fundo, vijidudu vinavyoshambulia mizizi: hapo panda mahindi au mtama, nyanya na bamia zikae mbali.