Jinsi ya Kutengeneza Katuni ya Paka na Panya ya Sekunde 30

Kinachochekesha katika katuni ya paka na panya ni hesabu ya fremu, yaani picha moja moja zinazopita haraka na kuwa filamu. Mchoro mzuri husaidia, lakini watu hucheka pale paka anapoganda hewani kwa muda unaotosha, kisha akashuka kwa kasi inayostahili. William Hanna na Joseph Barbera walipoanzisha Tom na Jerry katika studio ya MGM mwaka 1940, Barbera alibuni visa na kuvichora, Hanna akapanga muda. Katuni fupi 114 walizozitoa hadi 1958 zilipata tuzo 7 za Oscar, na ndani yake wahusika wakuu hawasemi ila kwa nadra sana. Hilo linamfaa sana mchoraji wa Mombasa. Kisa kisicho na maneno kitaeleweka Kisauni, Likoni, na kwa mgeni aliyeshuka melini Kilindini leo asubuhi.

Hapa tutatengeneza filamu ya sekunde 30 kwa karatasi na simu, kazi ya mtu mmoja au wawili. Mwenye kompyuta anaweza kuchora humo humo kwa Krita au Pencil2D, ambazo ni za bure. Hesabu za muda hazibadiliki. Jambo moja tu kabla ya penseli kugusa karatasi: usiwachore Tom na Jerry wenyewe, kwani wana mwenyewe, nayo ni Warner Bros. Chora paka wako. Vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa mifano, paka wembamba wenye miguu mirefu na masikio makubwa, umbo ambalo hata kivuli chake kinasomeka kwa mbali.

Kisa

Unahitaji kitu kimoja kinachogombewa, mahali pamoja, na chombo kimoja kitakachomgeuka paka. Tuchukue kipande cha nguru wa kukaanga, jiko la nyumba ya Mji wa Kale lenye ua nyuma, na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi inafaa kuliko chombo kingine chochote cha jikoni, kwa sababu kila mtu wa Pwani anayajua meno yake. Paka akiruka juu yake, watazamaji wanaingoja ajali kabla haijatokea. Chombo wasichokijua kitakulazimu ukieleze, na maelezo huzima kicheko.

Yagawe matukio hivi. Sekunde 4 za mwanzo, jiko lote linaonekana: paka amelala chini ya meza, samaki yuko juu, na mlango wa ua uko wazi, mbuzi ikionekana nje pamoja na sinia yake. Usiisahau mbuzi hapa. Ikitokea ghafla mwishoni itaonekana umeibuni kwa kukosa njia. Sekunde 5 panya anatoka shimoni na kunyatia. Sekunde 3 anavuta samaki, sahani inaanguka, jicho moja la paka linafunguka. Sekunde 6 za kufukuzana kichochoroni hadi kuzunguka uani. Sekunde 5 za mbuzi. Sekunde 3 paka anautazama mkia wake na kupiga ukelele. Sekunde 4 za mwisho panya anakula kwa raha, na paka amejifunga leso kiunoni kuuficha mkia.

Damu haitoki kamwe. Meno ya mbuzi yanakuna manyoya ya mkia tu, nayo yanajaa kwenye sinia mahali pa nazi. Maumivu ya katuni za namna hii huisha tukio linapoisha, isipokuwa alama moja unayoibakisha makusudi kwa kicheko cha mwisho. Ukibakisha mbili, mtazamaji ataanza kumhurumia paka kwa kweli na atakasirika.

Vifaa

Rimu moja ya karatasi za A4 ni karatasi 500. Ukizikata katikati unapata 1,000 za A5, zaidi ya unazohitaji hata ukikosea sana. Chukua penseli ya rangi ya buluu kwa mchoro wa kwanza na ya HB kwa mstari wa mwisho. Ya 2B huchafua karatasi haraka, hasa mkono ukiwa na jasho, kwa hiyo weka kitambaa kikavu chini ya kiganja.

Michoro isipokaa mahali pamoja filamu nzima itatetemeka. Tumia panchi ya kawaida ya ofisini: matundu yake mawili yana upana wa milimita 6 na yameachana sentimita 8. Gundisha vijiti viwili laini vya unene huo kwenye ubao, kwa umbali huo huo, uvipige msasa hadi karatasi iingie bila kulegea. Boliti usitumie, nyuzi zake hula matundu na baada ya karatasi chache zinacheza.

Meza ya taa ni sanduku la kina cha sentimita 10 hivi, kioo cha milimita 5 juu yake, na balbu ya LED ndani. Mwambie fundi wa vioo asugue kingo. Bandika karatasi nyembamba nyeupe chini ya kioo ili mwanga usambae. Balbu ya zamani ya waya hupata joto na kuikunja karatasi. Unyevu wa Pwani nao huikunja bila msaada wa balbu, kwa hiyo michoro iliyokamilika ikae ndani ya deli la plastiki lenye kifuniko, na kitu kizito juu yake.

Muda

Kwenye programu utakayounganishia picha, weka mradi kwenye fremu 24 kwa sekunde, kila mchoro ukae fremu 2. Basi sekunde moja ni michoro 12, na sekunde 30 ni nafasi 360. Hutachora yote hiyo. Pumzi za paka aliyelala ni michoro 8 inayorudiwa, mwendo wa panya ni mzunguko wa michoro 12, na penye mtu kuduwaa mchoro mmoja hukaa muda mrefu. Kwa kisa hiki michoro mipya ni kama 150, na theluthi nzima yake iko kwenye tukio la mbuzi.

Amua mapigo ya muziki kabla ya kuchora. Pigo la fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika, nalo linagawanyika vizuri kwa chakacha, ngoma ya Pwani: kila pigo kuu lina vipande vitatu, na kila kipande kinapata fremu 4, yaani michoro 2. Panya anayenyatia aweke mguu chini kwenye kila pigo kuu, michoro 6 kwa hatua. Kwenye kufukuzana shuka hadi fremu 8, ambayo ni mapigo 180 kwa dakika. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo hapo ngoma ipige pigo kuu peke yake. Scott Bradley, aliyetunga muziki wa katuni za MGM, alifanya kazi kwa mtindo huu wa kuhesabu fremu, ndiyo maana ala zake zinatua pamoja na nyayo.

Wakati wa mbio kila mchoro ukae fremu 1 tu, maana kwa fremu 2 miguu huonekana ikirukaruka badala ya kukimbia. Paka apate michoro 8 kwa mzunguko na panya 4. Miguu mifupi lazima izunguke haraka zaidi, la sivyo panya ataonekana akiteleza.

Mandhari ya kichochoro ichore kwenye karatasi tatu za A4 zilizounganishwa kwa urefu, karibu sentimita 89, mwanzo na mwisho vifanane ili uweze kuirudia. Isogeze sentimita 1 kwa fremu. Hapa kuna kosa linalowashangaza wengi. Ukichora nguzo au nondo za madirisha zilizoachana sentimita 1 sawasawa, kila fremu nondo moja inachukua nafasi ya mwenzake na ukuta unaonekana umesimama. Zikiachana kidogo zaidi, zinaweza kuonekana zinarudi nyuma. Changanya umbali: mlango wa nakshi, ukuta mtupu, baraza, dirisha, ukuta tena.

Sasa mbuzi, na hapa usiharakishe. Fremu 8 paka anajikunja nyuma kabla ya kuruka. Bila mkunjo huo mruko hauna nguvu, kwa sababu jicho halikuonywa litazame wapi. Fremu 6 za kuruka. Kisha anaganda juu ya mbuzi kwa fremu 16: sita za kwanza hakisogei kitu, nne zinazofuata macho yanashuka, mbili masikio yanalala, na nne za mwisho anawatazama watazamaji. Macho yatangulie daima, mwili ufuate. Vikishuka pamoja, paka anakuwa gunia linaloanguka. Fahamu imetoweka usoni, na kicheko pamoja nayo.

Anguko ni michoro 5, fremu 1 kila mmoja. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, na umbali kutoka juu huenda kwa hesabu ya 1, 4, 9, 16, 25. Kama kimo ni sentimita 10 kwenye karatasi yako, weka alama kwenye 0.4, 1.6, 3.6, 6.4 na 10. Ukiigawa njia sawa kwa sawa, paka atashuka mithili ya lifti. Akigonga, mbonyeze kwa fremu 2: apungue kimo na apanuke upana kwa kiasi hicho hicho. Akipungua kimo bila kupanuka, ataonekana amesinyaa.

Halafu nyamaza. Fremu 12, hakuna kinachotembea wala kulia. Wachoraji wengi wapya huikata nusu sekunde hii wakidhani inachosha, kumbe ndiyo inayompa mtazamaji nafasi ya kuelewa na kuanza kucheka. Karibu sekunde 3 zilizobaki ni za paka kuhangaika kujinasua, na kila akijinyonga mkia unakunwa tena.

Kupiga picha

Funga simu kwenye stendi ikitazama chini moja kwa moja. Bonyeza skrini kwa muda hadi mwanga na fokasi vifungike, vinginevyo simu itajirekebisha kwa kila mchoro na filamu itapepesa. Ziba dirisha, kwani wingu moja likipita juu ya Mombasa linabadilisha mwanga wa chumba kizima. Tumia taa mbili, moja kila upande. Ukiona michirizi ya giza kwenye picha, chanzo chake ni umeme wetu wa hezi 50: weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100 na itaondoka. Zima feni wakati wa kupiga. Namba ya mchoro iandikwe kwenye kona iliyo nje ya picha, na karatasi zipangwe tayari, maana stima ikipotea katikati utahitaji kujua uliishia wapi.

Sauti

Jikoni mna karibu kila kitu. Vifuu viwili vya nazi vikigongwa mezani ni mbio za paka, na kucha kwenye kopo la bati ni za panya. Sinia ya alumini iliyoangushwa juu ya taulo hutoa kishindo kifupi kisichovuma. Rula ya plastiki iliyobanwa ukingoni mwa meza na kufyatuliwa ni mruko. Vikombe vya kahawa vinavyogonganishwa, kama wauzaji wanavyofanya barabarani, vinafaa kwa jicho la paka linapofunguka. Ukelele upige mwenyewe kwa sauti yako. Hanna ndiye aliyempigia Tom kelele zake, na hakuna sauti ya kununua iliyoishinda. Ukate ghafla, usiuache ufifie.

Rekodi usiku tuktuk zikipungua, simu ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye chombo, ndani ya chumba chenye nguo nyingi au magodoro ili mwangwi ufe. Kishindo kiwekwe kwenye fremu ile ile ya kugonga. Kikichelewa fremu moja si neno, lakini kisitangulie kamwe. Machoni mwa watu mwanga hufika kabla ya sauti, na kishindo kinachotangulia pigo hulifanya pigo lionekane la uongo.

Jaribio

Ionyeshe kwanza bila sauti, kwa watoto wawili watatu wasioijua, nawe utazame nyuso zao badala ya skrini. Wasipoielewa mbuzi, tatizo liko kwenye tukio la kwanza: ikuze au isogeze katikati ya mlango. Wakicheka kabla ya anguko lakini si baada yake, ongeza fremu 4 kwenye ule ukimya. Wakitazama pembeni wakati wa kufukuzana, punguza sekunde moja hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Toa faili ya MP4 ya 1920 kwa 1080. Watu hushika simu wima, ni kweli, lakini mbio za paka zinataka upana, na ukizibana kwenye skrini nyembamba panya hana pa kukimbilia. Kwa WhatsApp itume kama hati, si kama video, ili isibanwe hadi mistari ya penseli ipotee. Mizunguko ya kutembea na kukimbia itenge kwenye bahasha yake na namba zake, kwa kuwa filamu ya pili ya paka huyo huyo itaanza na michoro hiyo ikiwa tayari.