Kusaka vipaji vya watoto kwa tepu, daftari na simu: hatua kwa hatua

Makocha wenzangu wa mitaani, hii ni yenu nyinyi wenye timu za watoto wa miaka 10 mpaka 15, hamna maabara wala pesa za mashine, mna kiwanja na filimbi basi. Kazi inafanyika. Shikeni jambo moja tu, siku ya majaribio tunachokiona zaidi ni umri na mwili uliowahi kukomaa, kipaji chenyewe kiko nyuma yake, kwa hivyo kocha anayechagua kwa macho siku moja anabahatisha.

Hatua ya 1: tarehe ya kuzaliwa. Kabla boli haijaguswa, cheti. Mtoto wa Januari na wa Disemba mwaka huo huo wanacheza kundi moja na wanapishana karibu miezi 11, sasa kwa mtoto wa miaka 10 hio ni kama sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote! Kanada waliliona zamani, mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake waliandika jinsi timu za hoki ya barafu zilivyojaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Gawa daftari lako robo nne, na ukiona kikosi chako karibu chote ni Januari mpaka Machi, bana, umechagua wakubwa tu.

Hatua ya 2: pima urefu, wa kusimama na wa kukaa. Hapa msiharakishe. Chukua tepu ya fundi cherehani, ibandike ukutani imenyooka, mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta, macho mbele, alafu weka kitabu kigumu juu ya kichwa na usome pale kinapogusa tepu. Watajinyanyua kwa vidole, wote, kwa hivyo tazama miguu kwanza. Wasichana wenye kishungi cha nywele ndani ya mtandio wakishushe, na hao wapimwe na kocha wa kike au mama wa timu. Baada ya hapo akae kwenye benchi mgongo umegusa ukuta, pima tena, utoe urefu wa benchi. Ukitoa urefu wa kukaa kwenye ule wa kusimama unabaki na miguu, na miguu ndio hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, ndio maana suruali ya shule inapanda juu ya kifundo ghafla na shati bado linamkaa sawa.

Rudia kila miezi 3, saa ile ile, mana mtu jioni huwa mfupi kuliko asubuhi kwa kama sentimita 1. Ukipata sentimita 2 au zaidi kwa miezi 3, huyo yuko kwenye mbio za kukua. Wasichana wengi hufika kileleni karibu miaka 12, wavulana karibu 14, lakini kuna wa kuwahi na wa kuchelewa kwa mwaka hata miwili. Kipindi hicho mtoto aliyekuwa anatuliza boli vizuri anaanza kujikwaa, goti linamuuma pale chini ya kifuniko, na kocha anapiga kelele eti kazembea. Mpunguzie kuruka na mbio kali, umuache na boli. Maumivu yasipopoa mpeleke hospitali, usimkande wewe.

Hatua ya 3: vipimo vitatu. Mbio za mita 30, kuruka mbele kutoka kusimama, na kwenda-rudi mita 20 kwa mlio, yaani anafuata milio ya simu inayozidi kukaribiana mpaka ashindwe. Fanya saa kumi na moja jioni, kaskazi hii usimkimbize mtoto mchana. Kiwanja kiwe kile kile kila mara, sio leo murramu kesho ufuoni Nyali maji yakipwa, mchanga utakuharibia namba zote. Taimu usipige kwa kidole, rekodi video, picha 60 kwa sekunde, alafu hesabu picha kutoka anapoondoka mpaka anapovuka kopo la mwisho na ugawe kwa 60.

Hatua ya 4: mfundishe kitu kigeni. Kitu ambacho hakuna aliyekifanya, mfano kuruka vihunzi kwa mguu wa kushoto. Andika alivyofanya leo, mrudie wiki ijayo. Mi namba hii ya alivyoongeza naiamini kuliko ya mbio. Na mara moja moja wachezeshe kwa ukomavu wa mwili badala ya umri, akademi za Uingereza wamejaribu hivyo, yule mkubwa anayetegemea kifua analazimika kutumia akili.

Hatua ya 5: michezo mingi. Mkenya Ferdinand Omanyala alikuwa raga kabla ya kuhamia mbio, na Septemba 2021 pale Kasarani akapiga mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Kwa hivyo mzazi akikwambia mwanawe wa miaka 10 aache kuogelea abaki na boli tu, mkatalie kwa adabu. Wale wanaouza vipimo vya jeni (vinasaba) vya kutema mate achana nao, wataalamu walishasema 2015 kwamba havifai kuchagulia vipaji.

Hatua ya 6: orodha mbili, hakuna ya kutimuliwa. Wanaoingia sasa na wanaosubiri kukua. Wa orodha ya pili mpigie babake au mamake simu mwenyewe, umpe tarehe ya kipimo kijacho, na mtoto aruhusiwe mazoezini hata kama hana jezi. Daftari lipige picha kila ukimaliza, mvua ya masika haina huruma na karatasi.