Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchoronga kisima cha masafa marefu chini ya bahari

Kisima M-11 cha Wytch Farm, kusini mwa Uingereza, kilianzia nchi kavu, na mwaka 1998 kikapita kilomita 10 za mlalo kwenda chini ya Ghuba ya Poole. Mwamba wenye mafuta uko kina cha mita 1,600 hivi tu. Kabla ya hapo iliwahi kufikiriwa kujenga kisiwa cha bandia baharini ili kuchoronga kutoka hapo. Anayepanga kisima cha aina hii asianze kwa kuuliza kama keekee, yaani ncha inayokata mwamba, litafika mwisho. Aulize kama bomba la kuchorongea litatoka, na kama kesingi, yaani bomba la chuma linaloachwa kisimani kushikilia kuta, itashuka.

Kokotoa mzigo wa kuvuta na nguvu ya kuzungusha kwa kila hatua, ukijaribu vipimo kadhaa vya msuguano. Kipimo kikiwa 0.3, bomba haliteremki kwa uzito wake mara mwinamo unapozidi nyuzi 73 toka wima. Linasukumwa na bomba lililo juu yake. Likisukumwa kupita kiasi hujikunja na kukaza ukutani, na kuongeza uzito hakusaidii kitu. Kesingi ndiyo yenye shida zaidi. Njia mojawapo ni kuacha hewa sehemu yake ya chini, ikiwa imezibwa, ili ielee kwenye tope, yaani kimiminiko kinachopampwa kisimani wakati wa kuchoronga. Lakini hakikisha kwanza kwamba ikiwa tupu haitabonyezwa na shinikizo la nje, na panga namna ya kuitoa hewa hiyo kabla ya saruji.

Shinikizo huwaponyoka wengi. Tope lenye uzito mara 1.20 ya maji likizungushwa, msuguano wake ukaongeza shinikizo la baa 20, mwamba wa mita 1,600 unalipokea kama la 1.33. Kadiri kisima kinavyorefuka, baa hizo huongezeka, ila kina cha wima ni kilekile na mwamba haujapata nguvu zaidi. Hupasuka, tope likapotea. Weka kipima shinikizo karibu na keekee. Hesabu za mezani pekee hazitoshi.

Halafu usafi. Katika mwinamo wa nyuzi 30 hadi 60, vipande vya mwamba huporomoka pampu zikizimwa. Mwinamo ukizidi, hulala chini ya bomba. Mashine izungushe angalau mara 120 kwa dakika, huku pampu zikiwa na akiba ya nguvu. Chekecheke la juu linalochuja vipande kwenye tope likiwa tupu si ushahidi kwamba kisima ni safi: linganisha vipande vilivyotoka na ujazo uliochorongwa. Wakati wa kutoa bomba, mzigo ukipanda, shusha kidogo, zungusha, safisha. Anayeendelea kuvuta hukaza bomba ndani ya lundo.

Mwelekeo nao usipuuzwe: kosa la robo nyuzi katika mita 10,000 ni mita 44 pembeni. Sumaku za vifaa hupotoshwa na chuma cha bomba na mabadiliko ya uga wa dunia, hivyo tenga muda wa kupima kwa jairoskopu, kifaa cha mwelekeo kisichotegemea sumaku, kabla ya kuingia kwenye mwamba wa mafuta.