Somo: Tetekuwanga kwa watoto wadogo, namna ya kuitambua na kumuuguza mtoto nyumbani

Somo hili ni la mama, baba, bibi na dada anayebaki na mtoto mchana. Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Mtwara, na nalileta kwa sababu moja: watoto wengi ninaowapokea na tetekuwanga hawaletwi kwa sababu ya tetekuwanga yenyewe. Wanaletwa na vidonda vilivyotunga usaha baada ya kukunwa kwa kucha ndefu, au ngozi iliyoungua kwa kitu walichopakwa. Kwa mtoto mwenye afya njema ugonjwa huu huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kazi ya mlezi ni kuilinda ngozi mpaka ikauke, na kujua mapema ni mtoto gani hafai kuuguzwa nyumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tetekuwanga

Mara nyingi huanza kwa mtoto kunyong'onyea. Anakataa chakula, analalamika kichwa, ana joto kidogo. Siku moja au mbili baadaye vipele vinatokea kifuani, mgongoni, tumboni, usoni na kichwani. Vitabu vinasema ni vyekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo haujitokezi vizuri. Unaweza kuona weusi uliokoza tu, au ukavigusa kwa kidole kabla hujaviona. Ndani ya saa chache kipele kinajaa maji maangavu, kama tone la maji lililotua juu ya ngozi. Kisha maji yanakuwa mazito, kinabonyea katikati, kinakauka na kuwa kigaga.

Alama ninayoitegemea kuliko zote ni hii. Mvue mtoto nguo zote, msimamishe mlangoni penye mwanga, utazame sehemu ya tumbo yenye ukubwa wa kiganja. Ukikuta kipele kipya, lengelenge la maji na kigaga vimekaa jirani, hapo kuna uwezekano mkubwa ni tetekuwanga, kwa sababu vipele vyake hutoka kwa awamu kwa siku tatu hadi tano. Halafu chambua nywele kwa vidole, umulike kichwani kwa tochi ya simu. Tazama na kinywani. Tetekuwanga hupenda kujificha kwenye nywele, na humo ndimo mtoto anamojikuna usiku bila wewe kujua.

Surua ni habari nyingine. Inakuja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku kadhaa, kisha madoa yanaanzia nyuma ya masikio na usoni na kushuka chini. Hayajai maji. Ukishuku surua usikae nayo nyumbani hata siku moja, kwa kuwa mtoto anahitaji vitamini A, na kituo kinapaswa kuchukua kipimo na kutoa taarifa. Upele wa kawaida unaowasha usiku hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono na matakoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Vipele joto vya miezi ya joto kali huwa vidogo vinavyofanana vyote, shingoni na kwenye mikunjo, bila homa.

Hatua ya 2: Tazama nani mwingine yuko nyumbani

Kabla hujakimbilia duka la dawa, hesabu watu wa nyumba yako. Tetekuwanga inaenea kwa hewa na kwa kugusa maji ya malengelenge, na mtoto anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Kwa hiyo ndugu zake wameshakutana nayo. Watakaoambukizwa watatoka vipele kati ya siku ya 10 na ya 21, na mtoto wa pili katika nyumba moja mara nyingi huugua zaidi kuliko wa kwanza. Usishangae.

Wa kuwawahi ni hawa: mjamzito ambaye hajawahi kuugua, kichanga, mtu anayeishi na VVU, na yeyote anayetumia dawa zinazoshusha kinga, ikiwemo prednisoloni ya muda mrefu. Hao wapelekwe kituo cha afya wakaulizie kabla vipele havijatoka. Zipo dawa, kama asiklovia, ambazo mtaalamu anaweza kuwaanzishia, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 24 za mwanzo wa vipele.

Hatua ya 3: Kucha, maji, nguo

Kata kucha leo, za mikono na za miguu, kisha zisugue kingo zisikwaruze. Osha mikono ya mtoto kwa sabuni kila mara. Kichanga anayejikwaruza mvalishe soksi safi mikononi usiku.

Muogeshe kila siku. Maji ya kawaida au ya uvuguvugu, sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya mche iache kwa nguo, ngozi yenye malengelenge haiiwezi. Usisugue kwa dodoki. Mkaushe kwa kugandamiza taratibu kanga iliyochakaa, ile laini, na iwe yake peke yake mpaka apone. Mvalishe pamba nyepesi isiyobana. Kwa joto letu hili, kumfunga mtoto mablanketi ili “vipele vitoke vyote” kunamwongezea homa na muwasho. Usifanye.

Kwa muwasho, kalamaini inasaidia, ile losheni ya rangi ya waridi. Tikisa chupa, pakaza kwa pamba safi, epuka macho, kinywa na kidonda kilichochubuka. Spiriti, dawa ya mswaki, jivu, mafuta ya taa, vyote viweke mbali. Na tafadhali sana, krimu za kung'arisha ngozi na zile zenye steroidi zinazouzwa kiholela madukani zisimguse mtoto huyu.

Hatua ya 4: Dawa ya homa

Parasetamo inatosha. Pima kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Sirapu nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5 kwa dozi. Mpe kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, siyo kijiko cha chai.

Aspirini ni mwiko kwa mtoto mwenye tetekuwanga. Inaweza kuleta ugonjwa adimu unaovimbisha ubongo na kuharibu ini, na unaua. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vya duka la jirani vina aspirini ndani, basi soma pakiti. Brufeni nayo iache, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi katika ugonjwa huu. Antibayotiki haiui virusi. Inatakiwa pale tu vidonda vimeingia bakteria, na aseme hivyo aliyemwona mtoto.

Jambo moja la huku kwetu kusini: kuwa na tetekuwanga hakumkingi mtoto na malaria. Homa ikiwa kubwa, apimwe.

Hatua ya 5: Chakula

Vidonda vya kinywani vinauma. Mpe uji uliopoa, maziwa, dafu, maji kidogo kidogo mara nyingi. Ukwaju, ndimu, embe mbichi na pilipili visubiri. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Hatua ya 6: Dalili za kumkimbiza hospitali, hata kama ni usiku

Anapumua kwa shida au kwa kasi. Amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au anatembea akiyumba. Anatapika kila kitu, hanywi, hakojoi. Ngozi kuzunguka kipele imevimba, ina moto, inauma sana au inatoa usaha. Malengelenge yamejaa damu. Jicho limeathirika. Homa imepita siku nne, au ilikwisha ikarudi. Hii ya mwisho wazazi wengi huidharau, na ndiyo mara nyingi inayoonyesha kwamba bakteria wameingia.

Kichanga wa chini ya miezi mitatu hasubiri dalili hata moja ya hizo. Apelekwe tu. Ukifika, mwambie mhudumu ukiwa bado nje kwamba unashuku tetekuwanga, ili msikae benchi moja na wajawazito na vichanga.

Chekechea na shule asiende mpaka vipele vyote viwe vigaga vikavu na visitoke vipya. Kwa kawaida ni siku tano hadi saba tangu kipele cha kwanza. Vigaga vikishakauka haambukizi tena, hata kama madoa bado yapo.

Maswali ya wazazi na walezi

*Bibi anayelea wajukuu, Newala:* Huku maji ni ya kununua. Na sisi tulilelewa kwamba mtoto wa tetekuwanga haogeshwi mpaka vikauke. Je, majani ya mwarobaini?

Shikamoo bibi. Aogeshwe, ila si lazima ndoo nzima. Bakuli la maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi vinatosha kumfuta mara moja kwa siku: shingoni, kwapani, mapajani na makalioni. Maji yakiwa machache kabisa, tanguliza kunawa mikono. Mwarobaini sina ushahidi wa kukuambia unaponya tetekuwanga. Ukimwogeshea, maji yawe yamechujwa na yamepoa. Lakini kumnywesha hapana, bibi. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa.

*Mama, Tandahimba:* Wangu wa miaka minne ametoka malengelenge vidoleni na pembeni mwa mdomo. Hana homa. Juzi tulikuwa tunabangua korosho.

Mwili mwingine je? Tumboni, kichwani?

*Mama, Tandahimba:* Hakuna kitu.

Basi hayo ni mafuta ya ganda la korosho, dada. Yanaunguza ngozi na kutoa malengelenge pale yalipogusa tu. Muoshe kwa sabuni na maji mengi, usitumbue. Yakiwa yamefika jichoni, au midomo ikavimba, mpeleke kituo leo hii. Na kipindi cha kupulizia salfa kwenye mikorosho watoto wakae mbali, maana nayo inawasha macho na ngozi, nasi tunaletewa watoto wakidhaniwa wana ugonjwa.

*Mjamzito wa miezi minane, Masasi:* Mwanangu wa kwanza ametoka vipele jana. Sikumbuki kama niliugua utotoni.

Muulize mama yako au mkubwa yeyote aliyekulea, leo. Kama uliugua, kinga unayo na usiwe na hofu. Kama hajui, au hukuugua, nenda kituoni leo bila kungoja kipele. Tetekuwanga kwa mjamzito inaweza kushambulia mapafu. Na mama akitoka vipele kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, mtoto anazaliwa bila kinga ya kutosha na yumo hatarini sana. Hilo wakunga wanahitaji kulijua kabla ya siku ya uchungu, siyo wodini.

*Baba, Lindi vijijini:* Likizo ya Desemba kijana wangu anaingia jando, na jirani yake darasani ana tetekuwanga. Wazee wamekwisha panga.

Kaka, nazungumza kwa heshima ya mila. Kama kijana hajawahi kuugua na amekaa karibu na mgonjwa, anaweza kuwa amebeba virusi bila dalili hadi siku 21. Akiingia kumbini, wenzake wote wanalala naye pamoja, wote wana jeraha bichi, na vipele havichagui mahali pa kutoka, hata penye jeraha. Waombe wazee wampishe siku hizo zitimie. Waelezee kwamba si yeye tu, wanawalinda watoto wa wenzao.

*Mama, Mikindani:* Mwanangu amepata chanjo zote za kliniki. Imekuwaje?

Sindano ya miezi 9 na ya miezi 18 inakinga surua na rubela. Chanjo ya tetekuwanga ipo duniani, ila haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto hapa Tanzania. Hukukosea kitu.

*Mjomba, Nachingwea:* Watu wanasema ni ndui imerudi. Wengine Mpox, ile homa ya nyani.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na haijarudi. Mpox ni kweli ipo, Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa nchini Machi 2025. Vipele vyake huwa vigumu, vya ndani zaidi, vya umri mmoja katika sehemu moja ya mwili, mara nyingi hadi viganjani na kwenye nyayo, na mitoki inavimba. Tetekuwanga si kawaida kuvimbisha mitoki hivyo wala kujaa viganjani. Ukiwa na shaka usiamue kwa picha za simu, nenda mkapimwe.

*Dada, Ruangwa:* Babu yetu ana mkanda wa jeshi ubavuni. Mtoto wa miezi kumi analala naye.

Ni virusi vile vile, dada. Baada ya tetekuwanga vinabaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu, na uzeeni au kinga ikishuka vinaamka kama mkanda wa jeshi. Babu hawezi kumpa mtoto mkanda wa jeshi, lakini anaweza kumpa tetekuwanga kupitia maji ya malengelenge. Mtenganishie kitanda, funika ubavu wake kwa kitambaa safi, kila anayemhudumia anawe mikono kabla ya kumshika mtoto, mpaka vikauke vyote. Na babu mwenyewe apelekwe kituoni upesi, kwa sababu dawa yake inafaa zaidi ikianza ndani ya siku tatu za mwanzo.